Ukifa Unampisha Mwenzako

Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu, Ngamiani, Tanga, palikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa mkaa ukutani: ukifa unampisha mwenzako. Shilingi 50 zilikununulia roho tatu. Roho zikiisha, hata kama zimeisha kabla hujakaa sawasawa kwenye kreti la soda, unainuka.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka minane, dada yangu kumi na mbili. Siku hiyo alikuwa na shilingi 100, chenji ya nazi ambayo mama alimwambia akae nayo. Hakulazimika kunigawia. Alinigawia. Nikacheza mimi kwanza, gemu ya vifaru, nikakaa muda mrefu kwa sababu vifaru nilivijua. Yeye alipokaa, mwenye kibanda alikuwa ameshabadilisha, ameweka kindege: 1942, ile yenye mlio wa filimbi usiokoma. Dada hakuwa amewahi kushika pedi. Alikufa mara tatu kwa muda ambao usingetosha kumaliza kashata moja. Wavulana wakacheka. Na aliyemnyang'anya pedi mkononi, kabla moshi wa ndege yake ya tatu haujaisha kwenye ile TV ya chogo, hakuwa mwenye kibanda. Nilikuwa mimi.

Hakushika tena pedi kwa miaka kumi na saba.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ninabishana nikiwa upande gani. Niliwahi kuwa mlinzi wa mlango huu ninaotaka uvunjwe.

Kilichoniwasha ni mazungumzo ya bwenini. Nina mwenzangu wa shahada ya uzamili anayezijua gemu za kindege kuliko anavyoijua tasnifu yake. Nikamwuliza: ni gemu ipi ya zamani, ya zile ambazo ndege iko chini ya kioo na dunia inashuka kutoka juu, naweza kumpa mtu asiyejua kabisa kucheza? Akajibu bila hata kuinua macho: DoDonPachi. Nikamwambia nimesema mtu asiyejua. Akasema, "Basi Truxton." Nikamfafanulia kwamba ni dada yangu, ana cherehani, ana wateja, ana nusu saa ya kwake baada ya chakula cha usiku na si kila usiku. Akacheka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bwana. Kama hataki kufa, acheze karata."

Nimeitafakari methali hiyo kwa wiki kadhaa. Ni kweli, cha mvunguni kinadai uiname. Lakini hakuna anayeuliza nani alikisukuma mvunguni.

Turudi nyuma kidogo. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, kazi ya Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito. Ikafuata Galaxian ya Namco mwaka 1979, Galaga mwaka 1981, kisha Xevious, ambayo ndiyo iliyofanya ardhi chini ya ndege isogee kwa namna iliyoigwa na karibu kila gemu iliyofuata. Zote hizi zilizaliwa ndani ya mashine yenye sanduku la sarafu. Mashine hiyo ilikuwa biashara. Mchezaji anayekaa nusu saa kwa sarafu moja ni hasara inayopumua. Kwa hiyo gemu ilibidi ikuue, ikuue mapema, na ikuue kwa namna itakayokufanya useme "ilibaki kidogo tu" huku mkono ukirudi mfukoni. Hapo hakuna falsafa ya kumkomaza mtu. Ni nauli.

Famicom ilipoingia majumbani mwa Wajapani mwaka 1983, haikuwa na tundu la sarafu. Mtu ameshalipa, kaseti ni yake. Lakini gemu zilihamia nyumbani na mifupa yao ileile, na watu wakaanza kuuita mfupa huo roho ya mchezo. Huku kwetu mfupa ulipata nyama mpya. Mashine za kuiga Famicom zilipofika kwa wingi, zile za pedi mbili na kaseti ya njano iliyodai ina gemu 9999999 na kumbe ni chache zinazojirudia kwa majina tofauti, sisi tukairudisha sarafu. Tukaigeuza mashine ya sebuleni kuwa mashine ya mtaani. Gemu ambayo Mjapani aliinunua mara moja, mtoto wa Ngamiani aliinunua roho tatu kwa roho tatu.

Sasa fanya hesabu ndogo. Mtoto mwenye shilingi 200 kila siku anakufa mara kumi na mbili kwa siku. Mtoto mwenye 50 kwa wiki anakufa mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi sita, mmoja anajua kwamba kwenye 1942 zipo ndege kubwa zinazotokea chini ya kioo, nyuma ya mgongo wako. Mwingine bado anashangaa ameuawa na nini. Wa kwanza tunamwita fundi. Tunasema ana mkono. Hakuna anayesema alikuwa na 200. Mimi nilikuwa na kaka wa jirani aliyenilipia. Dada yangu alikuwa na mtungi wa maji kichwani. Huo ndio ufundi wangu niliojivunia hadi nikaingia chuo kikuu.

(Ajabu nyingine ya 1942, ambayo sikuijua hadi nilipokuwa mkubwa: ni gemu ya Capcom, kampuni ya Kijapani, iliyotoka mwaka 1984, na unachofanya ndani yake ni kuendesha ndege ya Kimarekani na kuzitungua za Wajapani. Sina hoja hapa. Huwa inanijia tu.)

Wababe wa ugumu wanapenda kusema gemu rahisi ni gemu tupu. Hapa ndipo wanaponipandisha hasira, kwa sababu hawajachunguza hata kile wanachokitetea. Wanachanganya mambo mawili: gemu kuwa ngumu, na kifo ndani ya gemu kuwa ghali. Gemu inaweza kuwa ngumu sana na kifo chake kikawa cha bei rahisi, na mwanagenzi akaifurahia. Na inaweza kuwa ya wastani tu, lakini ukifa mara moja umefilisika.

Truxton ambayo mwenzangu aliitaja ni mfano mzuri wa kufilisika. Toaplan waliitoa mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikaingia Mega Drive. Ni gemu nzuri, sikatai. Lile bomu lake la fuvu bado linanisisimua. Lakini ukifa, unarudishwa nyuma, na silaha zote ulizokusanya zimekwenda. Unarudi mahali palepale palipokushinda ukiwa na silaha kamili, safari hii ukiwa na bunduki ya mtoto. Aliyeanguka anaongezewa mzigo. Gradius ya Konami, ambayo ni ya kwenda kulia wala si ya kupanda juu, ndiyo iliyofanya ugonjwa huu ujulikane. Wachezaji wameupa jina lake kabisa. Anayejua hafi, kwa hiyo haonji adhabu. Asiyejua anakufa, na kwa kuwa amekufa anafanywa asijue zaidi.

Linganisha na Xevious, iliyoingia Famicom mwaka 1984. Mtunzi wake, Masanobu Endo, alikupa risasi za angani na bomu la ardhini, basi. Hakuna kukusanya silaha, kwa hiyo kifo hakina cha kukupokonya. Na kuna jambo jingine ambalo bado naliona la kiungwana: kila eneo ukiwa umevuka kama asilimia 70 yake ndipo ukafa, hukirudii kipande hicho, roho inayofuata inaanzia eneo jipya. Ni kama mwalimu aliyeona umejaribu akakuambia, haya, tuendelee. Xevious si rahisi. Ila haina kinyongo.

Au Zanac ya Compile, ya mwaka 1986. Hii inakuangalia. Ukifyatua bila kupumzika na kujaza silaha, inakuletea maadui zaidi. Ukifa, inalegeza kamba. Karibu miaka arobaini iliyopita, ndani ya kompyuta isiyo na nguvu hata ya kikokotoo cha leo, watu walishajua kwamba wachezaji wawili si mtu mmoja. Compile haohao mwaka 1990 walitoa M.U.S.H.A. kwa Mega Drive: ukiwa umebeba silaha ya ziada ukapigwa, inakwenda silaha, wewe unabaki. Unapata nafasi ya kuogopa kabla ya kufa. Kwa mwanagenzi, hofu hiyo fupi ndiyo darasa lenyewe, maana maiti haijifunzi.

Gemu ninayoipenda kuliko zote katika ubishi huu ni kongwe zaidi, na wababe huwa hawaigusi. River Raid, ya Atari 2600, mwaka 1982. Aliyeitunga ni Carol Shaw, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kufanya kazi hiyo, akiwa Activision. Unaendesha ndege juu ya mto. Kaseti nzima ni kilobaiti 4, kidogo kuliko picha yoyote uliyotumiwa leo kwenye simu, na mto wenyewe haukuhifadhiwa mle ndani: unazalishwa na kanuni ya hesabu unavyokwenda, lakini kila mara unazaliwa uleule, kwa hiyo unaweza kuuzoea kama njia ya kwenda kazini. Kwenye gemu nyingi za kindege dunia inashuka kwa mwendo wake, iwe umejiandaa au hujajiandaa. Kwenye River Raid ukisukuma mbele unaongeza kasi, ukivuta nyuma unapunguza. Mwendo ni wako. Mtu mwoga anakwenda polepole. Je, basi gemu imekuwa tupu? Hapana, kwa sababu mafuta yanakwisha. Ukizubaa, unaanguka mwenyewe bila kuguswa na adui. Matangi ya mafuta yako njiani, na unaweza kupita juu yake ujaze au kuyalipua upate alama, na ukiwa na haraka huwezi kujaza vya kutosha. Yaani Carol Shaw alikuachia uamue mwenyewe ni kwa kiasi gani uogope, halafu akaulipisha woga na akaulipisha ushujaa kwa bei karibu sawa. Sijaona nadharia ya mchezo iliyokaa vizuri hivyo kwenye makala zozote tulizosomeshwa.

Kuna na la kioo, ambalo linaonekana dogo. Mashine nyingi za mtaani za gemu hizi zilikuwa na kioo kilichosimama wima, kama mlango. TV ya nyumbani imelala, kama dirisha. Gemu ileile ikihamia nyumbani inapoteza anga la juu: ama picha inabanwa, ama kichwa kinakatwa. Adui aliyekuwa anatokea mbali sasa anatokea puani. Kwa hiyo yule anayemwambia mwanagenzi "mbona sisi tuliweza" mara nyingi anazungumzia kioo kimoja na mwenzake anacheza kwenye kingine.

Na turbo. Pedi zetu za bei chee zilikuwa na vitufe viwili vya ziada; ukivishika tu, ndege inafyatua mfululizo. Kibandani vilikuwa haramu, "wizi". Huko Japani alikuwepo Takahashi Meijin wa kampuni ya Hudson, aliyesifika nchi nzima kwa kubofya mara 16 kwa sekunde, na watoto wakamwiga. Lakini Hudson haohao waliuza pedi yenye turbo, na TurboGrafx-16 ilipouzwa Marekani mwaka 1989 pedi yake ilikuja na swichi za turbo tangu kiwandani. Waliotengeneza hawakuona wizi. Walijua kuwa kidole kuuma si sehemu ya akili. Wizi tuliubuni sisi, tuliokuwa na vidole vya kufanya mazoezi kwa 200 kwa siku.

Ni haki niseme kwamba mwenzangu hakukosea kote. DoDonPachi ya Cave, 1997, inatisha kwa macho kuliko inavyotisha kwa mkono. Risasi zimejaa kioo kizima kama kumbikumbi kwenye taa, lakini nyingi zinakwenda taratibu, na sehemu ya ndege inayoweza kuuawa ni nukta ndogo katikati. Mabawa yanapita salama. Akitokea mtu akakueleza hilo kwa upole, utaishi muda mrefu kuliko kwenye 1942, ambayo risasi zake ni chache na ndege yako ni nene. Tatizo ni hilo: akitokea mtu. Mwenzangu aliijua nukta hiyo na hakuitaja. Alitaka dada yangu aigundue kwa kufa, kama yeye. Mimi pia nimefanyiwa hivyo, na si kwenye gemu. Nimekaa mbele ya wakubwa waliorudisha sura yangu ya pili ikiwa na mstari mwekundu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila neno hata moja, na nilipouliza nikaambiwa, "Sisi tulipita humohumo." Walipita, sawa. Sasa wamesimama mlangoni.

Nilichogundua nilipoanza kutafuta kwa dhati kiliniuma zaidi ya hayo yote. Kwenye ile kaseti ya njano ya kibandani, gemu niliyokuwa naitafuta ilikuwemo. TwinBee ya Konami, 1985, iliyoingia Famicom mwaka uliofuata. Vindege viwili vyenye mikono, kwa watu wawili kwa pamoja. Unapiga mawingu, zinatoka kengele; ukiendelea kuzipiga zinabadilika rangi na kila rangi ina zawadi yake. Risasi inaweza kukung'oa mkono badala ya kukuua, na ukipoteza mikono linakuja gari la wagonjwa kukurudishia. Gari la wagonjwa! Ndani ya gemu ya vita! Tuliiona kwenye orodha kila siku. Hakuna aliyeichagua, kwa sababu ilikuwa na rangi za pipi na mwenye kibanda aliiita ya watoto wa kike. Naye alikuwa na sababu nyingine, nadhani, hata kama hakuisema: gemu ya wawili wanaokaa muda mrefu ni kreti mbili zisizoingiza hela.

Hudson walishalitatua hilo. Kwenye Super Star Soldier ya mwaka 1990 kuna namna ya kucheza kwa dakika mbili, au tano. Muda ukiisha, alama zinahesabiwa. Fundi na mwanagenzi wote wanapewa dakika mbili. Mwenye kibanda angeweza kutundika saa ukutani, 50 kwa dakika tano, na mapato yake yasingepungua hata senti. Kwenye PlayStation, upande wa pili wa pazia, alikuwa anafanya hivyohivyo. Upande wetu wa bei rahisi ndio uliolipishwa kwa kufa.

Basi Desemba nilikwenda Kariakoo, nikanunua kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya TV, chenye pedi mbili zisizo na waya na maelfu ya gemu za zamani. Hakuna hata moja iliyolipiwa kwa mwenyewe, najua. Ni mjukuu halali wa kaseti ya njano. Nikapanda basi la Tanga. Ndani yake nilikuwa nimeshahakikisha ipo Pop'n TwinBee, ya Super Famicom, 1993. Hapo Konami waliacha habari ya kufa kwa risasi moja, wakaweka mstari wa uhai unaopungua kidogokidogo. Na wakaweka namna ya kucheza wawili ambayo sijaiona kwingine: maadui wanamwelekea zaidi mchezaji wa kwanza, ili wa pili, asiyejua, apate kupumua. Nilipoisoma habari hiyo bwenini niliinuka nikatoka nje.

Dada alikataa usiku wa kwanza. Wa pili pia. Alikuwa na sare za shule za kushona, Januari ilikuwa inakuja, na nusu ya ada yangu imetoka chini ya sindano hiyo, kwa hiyo sikuwa na mdomo wa kumsumbua. Usiku wa tatu umeme ulikatika, ukarudi saa nne, naye akawa ameshakunja vitambaa. Akakaa kwenye mkeka. Akaichukua pedi kama mtu anayeshika kitu cha mgeni.

"Nikifa utaninyang'anya?"

Hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa namna yake ambayo sijawahi kuimudu. Nikamwambia hapana. Nikachukua pedi ya kwanza, nikampa ya pili, sikumweleza kitu. Tulipita mawinguni. Akapiga kengele moja hadi ikageuka rangi, akaguna. Risasi zilikuwa zinanijia mimi, nazikwepa, nafurahi kimoyomoyo kwamba hatimaye ninalipa. Yapata dakika ya tano akaweka pedi chini.

"Mbona wananifuata wewe tu?" akasema, halafu akajisahihisha, "wanakufuata wewe tu?"

Nikamweleza. Kwamba imepangwa hivyo, kwa ajili ya anayejifunza.

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyepunguza bei bila kuombwa. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo ya kwanza."

Tukabadilishana. Alikufa kwenye eneo la pili, akabonyeza kitufe cha kuendelea bila kuniuliza ni kipi, na akafa tena. Pedi hakuiachia. Saa sita kasoro mama akagonga ukuta kututaka tupunguze sauti.